Safari Niliyoificha mu Sténo

Bwana asifiwe kwenu wote, na asifiwe mara mbili kwenu mulioko kule nyuma karibu na mulango, sababu ninajua mulikuja kusikia kama ni kweli Maman Nsimire alikamatwa. Ni kweli. Nilikamatwa. Na leo nimesimama mbele yenu na miguu yangu miwili, kwa hiyo mukae vizuri. Nitasema yote, na kuna mahali nitasema mambo ya haya. Musinipigie makofi mpaka nimalize.

Ndugu zangu, wengine hawanijui. Mimi ni mujane, ninakaa mutaa wa Cimpunda. Watoto wangu wawili wako Kinshasa, ng'ambo ya vita, na barua hazifiki. Nilifanya kazi ya secrétaire miaka makumi tatu na moja mu bureau moja ya serikali hapa muji. Nilikuwa ninapiga machine. Na karatasi niliyopiga kupita zote ni ordre de mission, ile inayomupa mutu wa serikali ruhusa ya kusafiri. Bwana fulani anaenda Lusaka, siku kumi. Bwana fulani anaenda Dar es Salaam, atapitia Bujumbura. Mimi ndiye niliandika majina ya hiyo miji yote, nikatia muhuri, nikapeleka isainiwe. Halafu bwana fulani anarudi, anapita mbele ya meza yangu, anasema, "Maman, kule maji ya bahari iko mingi, haina mwisho." Na mimi mbali nilipofika ni Uvira. Iliniuma, siwezi kuficha.

Nilipoenda retraite, kupumzika kazi kwa uzee, nikasema moyoni: ordre de mission ya mwisho nitajiandikia mwenyewe. Nitoke hapa, nivuke, nifike Bujumbura, niendelee Kigoma, nishuke Zambia nione yale maporomoko ya maji, halafu nizidi kushuka mpaka pale Afrika inaishia. Inchi sita ao saba, miezi mingi, peke yangu. Na muone ujinga wa mutu: kabla ya vita ningeweza kwenda, sikwenda. Ni vita ilipoingia, muji ukafungwa, tukazoea kulala chini ya vitanda, ndipo hamu ilinishika kabisa. Passeport yangu ilikuwa inasema Zaïre, inchi ambayo haiko tena. Hata hiyo haikunizuia.

Sikumwambia mutu. Mujane wa miaka makumi sita na moja anataka kutembea inchi za watu peke yake, ninyi mungesema nini? Mungesema ana wazimu, ao kuna bwana anayemungoja kule. Kwa hiyo mipango yote niliiandika mu carnet, kadaftari kadogo, kwa sténo. Kwa ninyi vijana: sténo ni maandishi ya secrétaire, vistari na vindoano vidogo, ya kushika maneno ya chef, mukubwa wa bureau, mbio vile anavyosema. Tulifundishwa kwa Kifaransa. Lakini mimi niliandika Kiswahili ndani yake, vile tulivyojizoeza pale bureau wakati watu wa vijiji walikuja kwa mikutano. Hakuna shule inayofundisha hiyo. Niliona siri yangu imefungwa vizuri.

Na kupanga safari wakati wa vita ni nini, ndugu zangu, kama si kuuliza njia? Niliuliza madereva wa magari ya mizigo. Daraja gani imevunjika, barrière za askari ziko ngapi mpaka Uvira, mupaka unafungwa saa ngapi, askari wanakaa upande gani wa njia. Niliandika yote, hata na michoro nikatia. Sikuona ubaya. Nilijiona secrétaire anayefanya kazi yake safi.

Halafu nikasema nipime miguu. Nitie mufuko mugongoni na uzito wote wa safari, niende Nyangezi kwa miguu, nilale kwa ndugu yangu, kesho yake nirudi. Wajirani niliwaambia ninaenda retraite ya sala, kujitenga na kusali. Nilidanganya, na nilidanganya kwa jina la sala. Kwenda nilifika vizuri. Kesho yake nikirudi, karibu saa ine za asubuhi, mbele ya Nyantende nikakuta barrière ambayo jana haikuwa pale.

Sitasema askari walikuwa wa nani. Ninyi munaishi mu muji huu kama mimi.

Walimwaga mufuko wangu chini. Viatu, dawa ya malaria, kasufuria kadogo, na carnet. Mumoja akaigeuza, akaiangalia chini juu.

"Iko nini hii?"

"Ni carnet yangu, mutoto wangu."

"Mimi si mutoto wako."

Akaniingiza mu nyumba moja pembeni ya njia, kwa commandant wao. Huyo alikuwa na miwani, alikuwa mutu wa masomo, na hiyo iliniogopesha zaidi. Akauliza kazi yangu. Nikajibu, "Niko mu retraite." Akasema, "Retraite ya kikosi gani?" Alifikiri ninasema askari waliorudi nyuma. Ndugu zangu, nilitaka kucheka, na dakika ile ile mukojo ulinitoka.

Akaniambia kwa sauti ya pole, "Maman, tumeisha kusikia juu yako. Kuna mumama mu muji anauliza madereva habari za madaraja. Sasa ninamupata na daraja zote mu mufuko, zimeandikwa kwa code ya siri. Nani alikutuma?" Nikasema hakuna, ni safari yangu, ni sténo. Akafungua carnet katikati, akaweka kidole. "Basi soma hapa." Akaita askari mumoja aandike kila neno nitakalosema.

Nikaangalia pale kidole kilipo. Bwana wangu! Mu carnet nzima, kurasa zaidi ya makumi ine za barabara na hoteli za masista, kidole kilianguka kwenye ule ukurasa mumoja ambao sikuweza kuusoma mbele ya mutu. Nikadanganya tena. Nikasoma, "Nguo za kubeba. Vitenge vitatu. Sweta moja. Viatu vya mvua." Askari akaandika vitenge, sweta, viatu.

Commandant akasema, "Vizuri. Nani mwingine anajua kusoma hii?"

Ninyi munaona mutego niliojitegea? Mu dunia hii mutu mumoja tu aliweza kuisoma. Tulikaa meza mbili zinazoangaliana miaka kumi na tisa. Ile sténo ya Kiswahili tuliitengeneza sisi wawili, tukiwa vijana, tukicheka. Ni Maman Régine. Yuko pale, mustari wa pili wa viti, na bwana yake Papa Déo. Na siku ile hatukuwa tena tunasalimiana. Miaka kumi na miwili tulisali mu kikundi hiki kimoja bila kupeana mukono, sababu yeye alipewa kiti cha chef wa secrétariat, na mimi ndiye nilikuwa ninakingojea.

 Commandant akanionyesha jua mulangoni. Akasema jua likifika kwenye jiwe la pili na sijataja jina, vijana wake watanipeleka kwa mutaro, na hatakuwa na hasira, ni kazi tu. Nikataja jina.

Wakatuma gari. Ndugu zangu, saa mbili nilizongoja pale, sikusali kama mukristo. Nilisema, Bwana, akuje. Halafu nilisema, Bwana, asikuje. Maana asipokuja ninakufa. Akikuja na kusema hajui kusoma, ninakufa, na nani atamulaumu? Akikuja na kusoma ukweli, itaonekana nimedanganya, ninakufa vilevile. Nilitafuta neno moja la zaburi, hakuna lililokuja. Nilisema tu, Yesu, Yesu, Yesu, mpaka mudomo ukakauka.

Maman Régine akafika. Papa Déo alikuwa nyuma yake, alikataa kumuacha bibi yake mu gari ya askari peke yake. Commandant akanigeuza nielekee ukuta ili tusipeane alama na macho. Akamwambia, "Ukidanganya, mutakwenda wawili." Nikasikia karatasi inafunguliwa. Nikasikia Maman Régine anavaa miwani yake, ninaijua sauti ya ile boîte, kasanduku ka miwani. Halafu akaanza kusoma, na sauti ile ile ya bureau, bila haraka.

Nitarudilia maneno vile alivyosoma. Ninyi pia musikie.

"Sababu za safari. Ya kwanza. Nisimwone tena Régine kila siku ya Mungu akipokea..." Hapo akasimama.  Mimi nilifunga macho, nikasema sasa ameelewa, sasa atafunga carnet. Commandant akasema, "Soma." Akasoma: "...akipokea komunyo. Kiti cha chef alikipata mu kitanda cha directeur, na Déo anakula hiyo aibu bila kujua."

Aliyasoma hayo mbele ya askari, mbele ya bwana yake, mpaka pointi ya mwisho. Hakuna mutu aliyemulazimisha zaidi ya commandant, na commandant hakujua kilichoandikwa. Angaliweza kusoma chochote. Angaliweza kurudisha carnet na kusema, "Sijui hii kitu," na kesho yake angalikuja kunililia pamoja nanyi.

Commandant akasema, "Yeye alisoma nguo. Vitenge, sweta. Kwa nini alinidanganya?"

Maman Régine akajibu, "Ungekuwa yeye, ungeisoma hii mbele ya watu?"

Halafu akaongeza, "Hizo kurasa zingine ni safari tu. Ninamujua. Huyu alipenda majina ya miji tangu zamani. Angalia hapa, ameandika ni sista gani anapika vizuri."

Commandant akacheka. Kwanza kidogo, halafu sana, mpaka akatoa miwani. Akasema hajaona adui anayeandika wivu wake mu code. Akasema, "Nendeni, wamaman, mumenichokesha." Carnet alibaki nayo.

Munaelewa vile Mungu wetu anafanya kazi? Yale maneno machafu niliyoyaandika, yale niliyoyaficha kwa uongo mupya, ndiyo yalimufanya yule mutu aamini. Ila yalihitaji mutu mumoja akubali kuvuliwa heshima yake ili mimi niishi. Niliyemutukana ndiye aliyeniokoa. Kama kuna muujiza mukubwa zaidi, sijauona.

Tulirudi kwa miguu watu watatu. Papa Déo mbele, sisi nyuma. Kufika karibu na muji, Maman Régine akasema, "Sténo yako imeharibika. Pale komunyo, ilibaki kidogo nisome komando." Hiyo ndiyo ilimusimamisha pale, ndugu zangu! Mimi nilifikiri ni hasira. Ao labda ilikuwa hasira pia, sijui, sikuuliza. 

Sasa ni miezi mitatu. Munaniuliza kama ningali ninaenda. Ninaenda, Bwana akifungua njia. Peke yangu, ndiyo, na mipango nimeiandika upya bila sténo, iko ukutani kwangu, mukuje musome. Ile sababu ya kwanza nimeitoa. Mutu hawezi kuvuka mipaka saba akikimbia uso wa mutu mumoja.

Wewe unayenisikia, labda kuna mutu unayebadilisha njia ukimuona. Mutegemee Mungu hata hapo. Anaweza kuweka uzima wako mu mikono ya huyo huyo, na asikuangushe. Mimi nilimutegemea kwa meno yanayogongana, na alinipokea hivyo hivyo.

Shukrani zangu kwake hazina mwisho. Lakini si kwa shukrani tu niliomba nafasi hii. Yale ya mu carnet sikuyaandika tu, niliyasema pia. Niliyasema mu kikundi hiki, kwa sikio la huyu na la yule, na wengi mulioinamisha vichwa sasa mulinisikia. Maman Régine ananisalimia siku hizi. Kusema amenisamehe, hajasema, na sitamuharakisha.

Papa Déo, tafadhali usiangalie chini. Siku ile ulisikia hayo maneno mu kinywa cha bibi yako. Leo usikie mengine kutoka kwa mwenye kuyatunga. Hakuna directeur. Hakuna kitanda. Alipewa kile kiti kwa sababu alifanya kazi kunipita. Nilijua hivyo siku niliyoandika, na niliandika.

Yesu aliyeniona kule, atuone sote hapa. Amina. Nimemaliza, ninakaa.