Ng'ombe Hawajui Jumamosi

Mheshimiwa Bwana D.O.; Bwana Yattani, Afisa wetu wa Maji unayetuacha; Bi Wakonyo, Afisa wetu wa Maji unayetupokea; Chifu; Maalim; Mwalimu Mkuu; wazee wenye vilemba na wazee wasio navyo; akina mama wenzangu mliopika tangu alfajiri; na ninyi vijana mlioketi juu ya ukuta wa birika la ng'ombe, mtaanguka: assalaam aleikum. Na kwa wageni waliotoka upande wa pili wa Mlima Kenya, habari zenu, karibuni Kulamawe.

Kwa wasionijua, mimi ni Dahabo, Mama Kabale, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hapa, na mke wa Ado, huyo mwenye koti la kuazima hapo mbele, anayewasha injini ya kisima chetu. Leo nimepewa kazi mbili. Ya kwanza, nimshukuru Bwana Yattani, ambaye amepandishwa cheo na anakwenda makao makuu. Ya pili, nimkabidhi Bi Wakonyo ufunguo wa injini. Ufunguo ndio huu mkononi mwangu, umefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi. Nitautoa, msiwe na haraka. Kwanza shukrani.

Bwana Yattani, tutakukumbuka. Maafisa waliokutangulia walituletea vitu vya kawaida: mabomba, dizeli, ahadi. Wewe ulituletea mapumziko. Ulisimama hapa hapa ukatuambia kwamba dunia imeendelea, kwamba huko kwa wenzetu mtu hufanya kazi siku tano akapumzika mbili, na kwamba injini nayo ni kama mtu, isipopumzika inakufa. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele, na mnajua vyangu husikika Garba Tula.

Na ili asitokee mtu mwenye huruma wa kuiamsha injini siku yake ya kulala, ukaamuru ufunguo uchukuliwe kila Ijumaa jioni na Landrova ya ofisi, ulale Isiolo mjini, urudi Jumatatu. Hebu fikirieni, ndugu wageni waalikwa. Hapa kuna wajawazito ambao Landrova hiyo haijawahi kuwapeleka Isiolo hata siku moja. Ufunguo umekwenda kila wiki, tena umekaa kiti cha mbele.

Lakini mimi si mtu wa kusengenya. Mazuri nitayasema, kwa maana yapo. Kabla ya mpango huu, Ado aliwasha injini kila siku ya Mungu, Idi ikiwemo. Aliondoka kabla sijakoka moto, akarudi ananuka dizeli. Na kwa sababu ya ule mngurumo wa kutwa, alikuwa haongei, anapiga kelele. "MAMA KABALE, LETA CHUMVI!" Majirani walidhani tunapigana. Kabale alipokuwa mdogo, akimwona baba yake anaingia, alijificha nyuma yangu akaniuliza huyu mgeni ataondoka lini.

Jumamosi ya kwanza Ado alishinda nyumbani. Ee Mola wangu! Aliniandama hadi jikoni. Mbona majani ya chai ni mengi hivi? Mbona kuni zimepangwa vile? Mbona mbuzi yule anachechemea na yeye hakuambiwa? Kufikia adhuhuri nilikuwa naiombea Jumatatu dua. Akina mama mnacheka, mnayajua hayo. Lakini polepole, wiki kwa wiki, sauti ikashuka. Jioni moja alishika kikombe akaniita Dahabo, kwa sauti ya kawaida, ile ile aliyonichumbia nayo, nami nilikuwa nimesahau kwamba anayo. Kabale sasa humngoja mlangoni. Kwa hiyo atakayesema kwamba kupumzika ni uvivu, asiseme mbele yangu. Bwana Yattani, kwa hilo nakushukuru bila mzaha wowote.

Sasa tuje upande wa pili. Bi Wakonyo, kwa kuwa hujakaa nasi, nikueleze. Wakati wa kiangazi ng'ombe wetu hawanywi kila siku. Hunywa leo, kesho na kesho kutwa wako malishoni mbali, ndipo warudi. Kila kundi lina siku yake, na yupo mzee anayezipanga siku hizo, tunamwita abba herega. Akisema siku yako ni hii, ni hii. Hata mwenye bunduki hungoja zamu. Ukiikosa siku yako huna pa kuingilia, kwa sababu ya kesho ni ya mwenzako. Mpango huo uko hapa tangu kabla ya serikali yoyote, na haujawahi kuuliza kama leo ni Jumamosi.

Bwana Yattani, haya hukuyajua? Mgeni tungemsamehe. Lakini wewe ni mzaliwa wa Merti, nchi hii hii ya ng'ombe. Marehemu baba yako ndiye aliyekuwa abba herega wa visima vya huko, na wazee waliokaa hapa wanakumbuka alivyomrudisha nyuma shemeji yake mwenyewe kwa kuruka zamu. Elimu ni kitu kizuri sana. Inaweza kumsahaulisha mtu hata maziwa yaliyomkuza.

Basi kundi ambalo zamu yake iliangukia Jumamosi lilikuta nini? Kufuli. Tangi hujazwa Ijumaa jioni, na sisi watu peke yetu tunalimaliza Jumamosi kabla jua halijafika utosini. Ng'ombe wakawa wanasimama, pua ndani ya birika kavu, na maji yako chini ya kwato zao. Jumatatu ufunguo ukifika, wa Jumamosi, wa Jumapili na wa Jumatatu wote wako mlangoni, kila mmoja ana haki, na maji ni ya mmoja. Mzee Guyo, abba herega wetu, siku moja aliinua fimbo yake apange, akaishusha, akaenda kukaa kivulini. Akasema, "Mimi kazi yangu ni kupanga siku. Wamezichukua siku zenyewe, nipange nini?"

Mdogo wangu Isacko, tumbo moja, alileta ng'ombe wake Jumamosi, wakati wa ukame wa mwaka jana. Walikuwa wangapi sitasema. Kwetu mifugo haihesabiwi mbele za watu. Alisimama nao hadi Jumatatu. Maji yalipofunguliwa, katika ule msukumano, Magala, ng'ombe tuliyeachiwa na mama yetu, alianguka penye birika, maji yanatiririka mbele ya mdomo wake, akakanyagwa. Wengine wakafuata wiki ile ile, hakubaki hata mmoja. Nililia. Sikulia kiungwana, nililia nimekaa chini matopeni. Na Ado wangu, aliyekuwa nyumbani akipumzika kama alivyoamriwa, hakula siku zile, maana kilio cha ng'ombe kilimfuata hadi kitandani. Mapumziko gani hayo, ndugu zangu?

Tulikwenda ofisini kwako Isiolo kulalamika, Bwana Yattani. Tulifika Jumamosi, tukakuta pamefungwa. Tukalala kwa jamaa, tukarudi Jumatatu, ukatushauri tuwazoeze ng'ombe ratiba mpya. Tumejaribu sana. Tumewasomea waraka wako, wamekataa kabisa kuuelewa.

Na leo? Leo ni Jumamosi. Sherehe hii mliiweka leo wenyewe kwa sababu ndiyo siku mko huru, na ni jambo jema. Mmekula pilau, mmekula mbuzi kwa mkono, na sasa naona mikono imeinuliwa hewani inang'aa mafuta, kila mmoja anatafuta birika la kunawia kwa macho. Maji mliyonawa kabla ya kula ndiyo yaliyokuwa ya mwisho katika tangi. Bwana D.O., tafadhali usifutie kitambaa hicho, kitaharibika. Dereva naye amenijia mara mbili: rejeta imechemka, Landrova haitoki hapa bila maji. Pole, mwanangu. Uje Jumatatu. Sheria ni sheria.

Ila kuna jambo moja. Tangu mpango huu uanze, hii ndiyo Jumamosi ya kwanza ufunguo kushinda Kulamawe. Umekuja kwa ajili ya kupigwa picha. Ado, nakuona unajiinua kitini. Ngoja kwanza.

Asubuhi Bi Wakonyo aliposhuka garini, hata kiti hajapewa, aliniuliza: "Mama, na Jumamosi ng'ombe hunywa wapi?" Mtu wa kwenye mvua na majani ya chai! Nilimwonyesha kiti kwanza, akae. Jibu lake ninalo sasa.

Bi Wakonyo, sikuombi umrudishie Ado siku saba. Mume wangu simtoi tena, nimempata kwa shida. Naomba mtu wa pili. Ado na siku zake tano, mwingine na mbili zilizobaki, na kisima kisifungwe kiangazi. Kama injini inachoka, ipeni fundi na dizeli safi, msiipe Jumapili.

Na mtu huyo yupo. Isacko ndiye yule aliyesimama kando ya mlango wa injini, mfuko wake umefungwa kamba. Asiye na mifugo hana zamu, na asiye na zamu hana la kumweka hapa. Jumatatu anapanda lori aende Nairobi akatafute kazi ya kulinda geti la watu. Ado amemfundisha injini hii mwaka mzima, siku za kazi, kwa halali. Mtasema nampendelea ndugu yangu. Ndiyo, nampendelea. Nimezika mama, sitaki kumzika huyu nikiwa namwona anatembea. Kama mnaye mwingine anayeijua injini, mleteni mbele.

Haya, Bi Wakonyo, njoo uchukue ufunguo wako. Shika. Mikono yangu ina mafuta, na yako pia, tuko sawa. Neno sasa ni lako. Watu wote wanasikiliza, na gari la kukuondoa hapa halipo.

Mmesikia? Wa nyuma hamkusikia, narudia: amesema Isacko aanze leo, na huko ofisini atamtetea yeye mwenyewe. Na utepe ameufungua, amempa Bwana Yattani awe nao wa kumbukumbu.

Bwana Yattani, usiinamishe kichwa. Baba yako angekuwepo, leo angekuweka mwisho wa foleni. Sisi tutakunawisha wa kwanza, kwa sababu wewe sasa ni mgeni. Nenda salama, na huko makao makuu, kabla hujagawa siku za watu, uliza kwanza kama zina wenyewe.

Isacko, mdogo wangu, weka huo mfuko chini, njoo upokee ufunguo. Mheshimiwa, wageni, majirani, asanteni kwa kunivumilia mpaka mafuta yakaganda mikononi. Mkisikia mngurumo, njooni birikani tunawe pamoja. Na wewe Ado, nimekuona umesimama. Kaa chini, Baba Kabale. Leo ni Jumamosi.