Mashua Iliyoogeshwa kwa Sabuni

Marehemu, fundi seremala aliyejulikana zaidi kama Mzee Msasa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkewe. Alianza shule mwaka 1959 na kuishia darasa la saba. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa ubishi, na vyote viwili alidumu navyo.

Baada ya shule alijifunza useremala katika karakana ya vitanda, na mwaka 1974 akafungua yake nyuma ya nyumba. Mlango wa kabati ukianza kulia, aliufuata kwa mteja bila kuitwa.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Siku hiyo alimwahidi bibi harusi mashua atakayoijenga mwenyewe, ya kumvusha ziwa kwenda kwa dada yake. Watoto watatu wakaja, ahadi ikalala. Aliianza mashua uani mwaka 2019, baada ya kustaafu, na upande wa mbao hakupata shida.

Shida ilikuwa epoksi, gundi inayopakwa ili maji yasipenye. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ulikauka vizuri, wa pili ukabanduka kama ganda la kitunguu. Akaukwangua, akapaka tena, ukabanduka tena. Alimlaumu muuza gundi, akalaumu mvua, akalaumu hata mbao. Mkewe akapitisha kidole ubavuni mwa mashua.

“Baba, mbona inateleza kama sufuria ya mafuta? Ioshe kwa sabuni.”

“Mashua italowa ziwani, mama. Sio uani kwangu.”

Alipokwenda kugombana na muuza gundi, mkewe alichukua ndoo na sponji, akaiosha yote, akaifuta ikakauka. Kumbe wakati wa unyevu epoksi hutoa utando wa mafuta juu yake. Sabuni huuondoa, msasa huusambaza tu. Marehemu alirudi, akapiga msasa, akapaka, ikashika. Jioni aliitangazia familia kwamba dawa ilikuwa msasa mpya. Mkewe akamwongezea chai. Tangu hapo, kila alipotaka kupaka, Marehemu alikumbuka kwanza shughuli fulani mjini.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa Aprili 2024, mashua ikiwa imebakiza mkono mmoja. Wanawe walipomwambia watammalizia kazi hiyo, alisema taratibu, “Msiguse kitu kabla mama yenu hajaiosha. Mimi nilikuwa natoka makusudi.” Alifariki tarehe 17 Mei, alfajiri.

Mjane alipoambiwa maneno hayo alicheka sana, kisha akalia sana. Jana aliiosha mashua peke yake, wanawe wakapaka. Imeshika.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na shemeji yake wa ng’ambo ya ziwa, aliyekuja msibani kwa basi. Atarudi kwa mashua, pamoja na mdogo wake, mjane wetu.

Mungu amlaze pema fundi wetu.