Mama Zambarau na Dawa ya Mikono

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Zambarau, na mwenyewe aliniagiza nisome yote bila kumpamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1969, mtoto wa pili kati yetu watatu, baba yetu akiwa fundi saa na mama yetu mshonaji. Alianza shule ya msingi mwaka 1976, na alipokuwa sekondari viungo vya mikono ya mama vilivimba hadi sindano ikamshinda, akawa anameza vidonge vya maumivu kila siku, vikamtuliza mikono huku vikimchimba tumbo, na tarehe 9 Juni 1989 alitapika damu akiwa kwenye cherehani, akafariki kabla ya kufika hospitali. Marehemu hakulia siku ile, alikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyompeleka chuo kikuu kusomea kemia.

Mwaka 1996 aliajiriwa katika maabara ya dawa, chumba cha ghorofani chenye feni ya kelele na sinki lenye madoa, akitafuta dawa ya kutuliza uvimbe ambayo papo hapo ingezima zile chembe haribifu ambazo uvimbe huzimwaga mwilini, ili mtu apone mikono bila kupoteza tumbo. Kila dawa mpya aliidondosha kwenye maji ya zambarau yenye chembe za namna hiyo, yakigeuka njano alijua dawa imezizima, na kwa kuwa vidole vyake havikutakata rangi hiyo, watoto wa mtaa wetu wakampachika jina hilo.

Tarehe 14 Novemba 1998 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, aliyezoea kulalamika kwamba ameoa mke aliyekwisha kuolewa na chupa, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi.

Mwaka juzi maji yaligeuka njano upesi kuliko wakati wowote, panya wakapona uvimbe na matumbo yao yakabaki salama, lakini ini lilikuwa bado halijapimwa. Wakati huohuo dada yetu mkubwa, msusi, alikuwa ameanza kuvimba mikono kama mama, na marehemu akashindwa kungoja, akaimeza dawa yeye kwanza, kisha akampa dada, naye akarudi kusuka, tukafurahi sote.

Mwezi Februari mwaka huu macho ya marehemu yaligeuka njano, akajitazama kwenye kioo akaelewa, akawaeleza madaktari na mkuu wake ukweli wote, utafiti ukasimamishwa, na dada akaapa kwamba dawa ameitupa. Marehemu alifariki tarehe 22 Agosti, kwa maradhi ya ini.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia, na wenzake wa maabara waliosimama naye hadi mwisho.

Limebaki agizo moja. Siku ya mwisho marehemu alimshika dada mikono, akaikuta laini, haina uvimbe hata kidogo, akajua kwamba dada hakuacha kuimeza ile dawa, na akanituma niseme hapa, mbele ya watu, ambapo dada hataweza kumkatalia. Dada, mkuu wa maabara amekaa mstari wa mbele, tunakuomba umkabidhi kichupa cha dawa ulichobaki nacho kabla hatujamzika.

Nawe Mama Zambarau, lala, usiwe na wasiwasi tena. Mikono ya dada ikivimba, tutaikanda sisi.