Miaka Ishirini na Saba, na Daftari Moja la Mashangazi

Ijumaa tarehe 30, saa kumi kamili jioni, kitengo chetu cha utafiti kinampoteza mtu pekee anayejua wahitimu 563 kati ya 600 wako wapi na wanafanya nini. Baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya utumishi, Mama Yuko-Wapi anastaafu.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa mwenye cheti cha kidato cha nne. Miaka minane iliyopita tulipoanza kuwafuatilia wahitimu 300 wa chuo kikuu na 300 wa vyuo vya ufundi, tuone nani anapata kazi, nani anasota na kwa nini, tulituma maswali kwa barua pepe. Yakarudi majibu 71, tisa kati yake yakiomba kazi kwetu.

Mama akaomba simu ya mezani na daftari nene. Alikuwa ameshang'amua jambo lililowapita wenye shahada tatu tatu: kijana hubadili namba kila msimu, shangazi habadili. Tena kijana ukimuuliza, atakujibu amejiajiri. Shangazi atakwambia, "Yupo hapa, kalala. Nimwamshe?"

Amekosea mara moja tu, na lazima tuliseme kwa sababu lilifika kwenye majedwali. Mwaka wa tatu, wenye kazi walipanda ghafla kutoka asilimia 41 hadi 58. Mkurugenzi akatoa hotuba, tukapiga makofi. Mama hakupiga. Alirudi kwenye daftari, akaona kwamba maswali yetu, yaani kijana anafanya kazi gani, anapata kiasi gani, amepanga au ana kwake, ndiyo hasa maswali ya watu wanaochunguza ukoo kabla ya kuleta posa. Familia tisini zilikuwa zimewanadi watoto wao. Kijana mmoja ambaye hata viatu vya usaili aliazima, shangazi yake alimpa duka, shamba na tabia njema.

Kwa siku kumi na tisa Mama alipiga upya simu zote, akianza kila moja kwa, "Habari za hapo nyumbani. Mimi sitafuti mchumba." Hesabu ikashuka hadi 43, na hiyo ndiyo iliyochapishwa. Familia moja haikukubali yaishe. Mpaka leo humwita mkwe.

Kutokana na simu hizo tunajua kwamba wawili wenye cheti kilekile na alama zilezile hawafiki kazini pamoja: mtoto wa mwenye ofisi husubiri miezi saba, mtoto wa muuza mboga miezi thelathini na moja. Tunajua pia, na tumeandika katika ukurasa wa 64 wa ripoti yetu, kwamba kazi nne kati ya kumi zinazodai shahada hufanywa vizuri na mwenye cheti. Mganga hajigangi. Tangazo la nafasi ya Mama limebandikwa ubaoni, mkabala na mlango wake: shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka mitano. Wa kuongea na mashangazi.

Wakati huohuo, kwenye kiti cha pili cha meza yake ameketi binti wa masijala, mwenye cheti cha chuo cha ufundi. Ndiye namba 418 katika utafiti wetu wenyewe. Alisubiri kazi miezi 29, akaipata hapa, na huu ni mkataba wake wa sita wa mwaka mmoja mmoja. Mashangazi 212 wanaijua sauti yake. Mkataba wake unaisha Ijumaa hiyohiyo, na kwa tangazo lile haruhusiwi hata kuomba. Mama amesema jambo moja tu: hana nia ya kwenda kupumzika, kisha apige simu ya kwanza ya kustaafu kwa shangazi wa 418 aambiwe, "Yupo hapa, kalala."

Mama, asante kwa kutufundisha kuuliza na kutoamini jibu la kwanza. Nenda salama, miguu ipumzike, na simu ikilia nyumbani iwe ya wajukuu.

Mkurugenzi, tangazo linabadilishwa au halibadilishwi? Tunaomba ndiyo au hapana kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Saa kumi Mama anakabidhi daftari, na ameshasema halikabidhi kwa droo.