Pete Nyekundu za Papa Mukalay

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama kuna sufuria motoni, punguza makaa, uje ukae. Leo nataka mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu ninayemkumbuka ameacha kazi ambayo haijamalizika.

Tunamkumbuka Papa Daudi Mukalay, fundi wa mabomba ya maji. Alifariki Jumanne iliyopita hapa Kamina, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ameacha mke, Mama Mira, na binti mmoja, Chancelvie, anayefanya kazi katika maabara huko Likasi.

Papa Mukalay alikuwa mtoto wa reli. Baba yake alikuwa wa reli, na yeye mwenyewe alifanya kazi katika karakana ya reli miaka thelathini na mmoja. Alikuwa anaunga mabomba: ya hewa, ya mafuta, ya maji ya kupoza mitambo. Karakana ilimfundisha kwamba ukifika mahali penye bomba lenye kasoro, kwanza unafunga vani, ile koki ya kuzuia mkondo, salamu baadaye. Ilimfundisha pia kwamba kiungo cha bomba unakizungushia nyuzi za katani, unakipaka rangi nyekundu nzito inayoitwa minium, halafu unakaza. Kiungo cha namna hiyo hakivuji. Shikeni jambo hilo, rangi nyekundu inayoitwa minium.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Akimaliza kazi, aliweka karatasi ya gazeti chini ya kiungo, akaomba chai, akakaa. Chai ikiisha na karatasi bado ni kavu, kazi imekwisha. Karatasi ikilowa, alifungua kila kitu na kuanza upya, na chai nyingine juu.

Mambo ya machujio ya maji, yale tunayoyaita filtre, yalianza kwa Papa Hamadi Moustapha, mfanyabiashara wa vitambaa. Papa Hamadi alinunua filtre Lubumbashi. Ikafika ndani ya sanduku, na maelezo yake yalikuwa kwa Kichina. Hakuna aliyejua kuifunga. Basi Mama Sauda, mke wake, akaiweka sebuleni juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma. Ilikaa pale miezi minne. Wageni waliisifu. Watoto waliendelea kuugua matumbo.

Siku Papa Mukalay alipokwenda kutengeneza robine yao ya kuchotea maji, aliiona.

"Papa Hamadi," akauliza, "hii iko kintu ya kunywa maji ao ya kuangalia?"

"Weye unajua kuifunga?"

"Minyi nilifungaka mashini ya treni. Hii itanishinda?"

Akaishusha. Alitafuta mshale mdogo unaoonyesha maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, maana ukigeuza, chujio halichuji kitu. Akakata bomba linaloshuka kutoka tanki. Akaweka vani kabla ya filtre na nyingine baada yake, ili siku ya kubadilisha kichujio cha ndani maji ya tanki yasimwagike. Akaleta robine ndogo mpaka jikoni. Na kwenye kila kiungo akapaka minium, kama alivyozoea. Karatasi ilibaki kavu. Mama Sauda alijaza glasi, akaiinua dirishani kwenye mwanga, akasema, "Allahu akbar, mpaka ninaona kidole yangu!"

Kuanzia hapo watu wakamtafuta. Nyumba ya pili, ya tatu, ya nne. Katika miaka miwili alifunga filtre katika nyumba kumi na moja za Kamina. Kumi na moja. Na watu walizipenda zile pete nyekundu kwenye mabomba. Mgeni akiingia jikoni, mwenye nyumba anamwonyesha: "Unaona rouge? Njo ya Papa Mukalay." Fundi mwingine akiacha kiungo bila rangi, wanamdai: "Na rouge iko wapi?"

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Mwaka jana Chancelvie alikuja kuwaona wazazi. Ilikuwa Jumapili mchana, bukari, ugali wetu, na samaki viko mezani. Alikuwa anafagia, akainua mkebe wa zamani wa maziwa ya unga uliokuwa pembeni. Mama Mira alinisimulia yaliyofuata, nami nawapa kama alivyonipa.

"Papa, hii kamukebe iko na nini? Iko nzito sana."

"Iko minium. Ya ku kazi."

"Unawekaka wapi?"

"Ku ma-raccord, pale ma-tuyau inaungana."

"Ma-raccord ya nini, Papa?"

"Ya ba-filtre."

Chancelvie akaweka ufagio chini. "Papa, hii njo plomb. Iko sumu. Filtre inatoa buchafu mu maji, nyuma yake weye unatia sumu."

"Miaka makumi tatu na moya tulipakaka hii ku ma-tuyau yote!"

"Ile maji hakuna muntu alikunywaka, Papa."

Wasikilizaji wapendwa, plomb ni madini ya risasi. Iko ndani ya rangi ile. Ikiingia kwenye maji, haina ladha wala harufu. Hutasikia tumbo kuuma leo. Inaingia polepole, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, katika akili na katika kukua. Papa Mukalay hakujua. Nasema tena, hakujua. Lakini mabomba hayakujali kama alijua au hakujua.

 Mama Mira anasema mume wake alifunika sahani yake, akachukua spana, akapanda baiskeli. Mke akamwambia ale kwanza. Akajibu, "Bale nao banakunywa sasa hivi."

Alianza na nyumba ya kwanza, ya Papa Hamadi. Akaingia moja kwa moja jikoni, akafunga vani.

"Papa Mukalay, hata bonjour hakuna?" akasema Mama Sauda.

"Ninafunga kwanza, mama. Bonjour itakuya."

Akawaeleza. Papa Hamadi akakasirika. Hakukasirikia sumu, alikasirikia spana.

"Miaka mbili hakuna hata tone moya! Bantu banatoka mbali kuangalia hii rouge. Unataka kuharibu kazi yako weye mwenyewe? Kamina yote itasema nini? Jina yako itakufa!"

"Batoto habanywake jina yangu," Papa Mukalay akamjibu. "Banakunywaka maji. Sogea."

Papa Hamadi akasogea. Viungo vyote vikakatwa. Vikawekwa vya plastiki, vipya, vimefungwa kwa utepe mweupe wa teflon. Maji yakaachwa yamwagike mpaka bomba lote likaoshwa. Hakudai kitu. Kisha akaenda nyumba ya pili.

Nyumba ya saba ilikuwa yangu.

Nitasema ukweli, maana siku ya kumkumbuka mtu si siku ya kujipamba. Mwanangu Kabamba alikuwa na miaka mitatu. Alijifunza kusimama akishika bomba lile. Papa Mukalay alipomaliza kunieleza, nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia kwenye redio hii. Nilimwita muuaji. Alikaa juu ya kigoda changu cha jikoni, spana magotini, akasikiliza yote.  Nilipovuta pumzi, akasema:

"Maliza kunitukana, mama. Minyi niko hapa. Ukimaliza, unipe ndoo."

Nilimpa ndoo. Tulifungua mabomba pamoja, mimi nikishika taa chini ya sinki. Chancelvie alisaidia damu ya Kabamba ipimwe Lubumbashi, na jibu lilikuwa zuri. Wengine hawakupima. Hakuna anayeweza kuwaambia maji yale yaliwafanya nini, nami sitawadanganya. Lakini nawaambia hivi: katika nyumba zile hakuna aliyegundua kosa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kugonga mlango. Angenyamaza, tungekuwa tunasifu pete zake mpaka leo.

Ndani ya wiki mbili alifungua nyumba kumi. Kumi kati ya kumi na moja.

Ya kumi na moja ilikuwa ya mwalimu Kasongo. Papa Mukalay alipofika, alikuta wapangaji wengine na ukuta mtupu. Mwalimu alikuwa amehamishiwa Kabondo-Dianda, na filtre aliing'oa pamoja na viungo vyake, akaondoka nayo.

Mnajua njia ya Kabondo-Dianda wakati wa mvua. Papa Mukalay, mwenye miaka sabini, alikwenda kwa pikipiki. Siku mbili. Mwalimu akamwambia, "Papa, huku hakuna hata tuyau. Ningefanya nayo nini? Niliiuzisha." Aliiuzia mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, aliyesema ana nyumba Kinkondja, kando ya ziwa, yenye tanki la maji ya mvua. Jina lake mwalimu hakulishika. Alikumbuka tu kwamba mama huyo alifurahia zile pete nyekundu, akasema ni dalili ya kazi nzuri.

Papa Mukalay alirudi Kamina akikohoa. Alipanga kupona, kisha aende Kinkondja. Hakupona. Mama Mira anasema alikuwa anamwuliza kila siku kama mvua imepungua. Na Jumatatu, siku moja kabla ya kufariki, alimwambia: "Mira, inabakia moya. Ambia ule mama wa ku redio. Anajua kupiga kelele."

Basi, Papa, nimeambiwa.

Kwa Mama Mira, kwa Chancelvie, kwa wazee wa karakana ya reli na majirani wote walioketi matangani: poleni sana. Sisi wa nyumba zile tunalia pamoja nanyi. Mungu ampokee fundi wetu.

Na nyinyi mnaofanya kazi kwa mikono yenu, mafundi, wauguzi, wapishi, walimu, leo fikirini jambo moja. Kuna kitu unachokifanya kwa mazoea, na watu wanakusifia. Nenda ukaulize kama ni kizuri kweli. Ukiambiwa si kizuri, rudi kwa wale uliowafanyia, hata kama watakutukana kama nilivyotukana mimi.

Sasa nazungumza na mtu mmoja tu. Mama wa samaki wa Kinkondja, uliyenunua filtre kutoka kwa mwalimu huko Kabondo-Dianda. Ni mtungi mweupe, na viungo vyake vina pete nyekundu. Hujafanya kosa lolote. Hakuna atakayekudai, hakuna atakayekuhukumu. Funga maji hayo; hata ukiyachemsha, risasi haitoki. Viungo vipya viko tayari kwa Papa Hamadi Moustapha, soko la Kamina, upande wa vitambaa. Ameniambia atavileta mwenyewe, hata kwa mtumbwi. Na kama si wewe, ila unamjua, toka sasa hivi uende ukamwambie.

Mama, sijui jina lako. Sijui una watoto wangapi. Jioni hii wakisema wana kiu, wachemshie maji ya ziwa.