Hiltsje Walta na Pinki ya Keki ya Mama

Zamani nyumba nzima ilikuwa na kanda moja ya video, ikatazamwa hadi ikachakaa. Leo kila mfuko una picha elfu kumi na hakuna anayezitazama.

Hiltsje alizaliwa Workum, Friesland, Uholanzi, tarehe 14 Februari 1949, mtoto wa pili wa mwokaji Jelle Bangma na mkewe Tettje. Kaka yake Durk, aliyerithi tanuri la baba, anakumbuka jinsi Hiltsje alivyolamba sukari ya pinki juu ya keki ya machungwa, keki ya kila siku ya kuzaliwa, kisha akamsukumia yeye keki kavu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Workum, kisha shule ya wasichana ya mapishi na ushonaji huko Sneek hadi 1965. Mengine, kama kaka yake, alijifundisha mwenyewe.

Alifanya kazi katika duka la picha Sneek. Tarehe 18 Mei 1973 aliolewa na Sybren Walta, fundi wa televisheni, na wakajaliwa binti mmoja, Froukje. Sybren alifariki mwaka 2015.

Mwaka 2004, watu walipoanza kutupa kanda zao, Hiltsje alianza kuzipokea katika chumba cha nyuma ya jiko. Alizikausha, akaziingiza kwenye kompyuta, akaondoa chenga na michirizi, kisha akarudisha rangi. Kupima rangi, hakuamini vitambaa vyeupe vya meza. Alisema kila nyumba ina weupe wake. Aliamini keki ya machungwa. Ilikuwa kwenye meza ya kila sherehe, kwa hiyo alinunua moja, akaiweka kando ya kioo cha kompyuta, na pinki ya picha ilipolingana na ya keki, nyuso nazo zilirudi.

Durk alipostaafu, tanuri lilichukuliwa na kijana mwenye maarifa mapya. Mara Bi Boukje, mjane wa jirani, akarudi na kanda yake.

"Hiltsje, mume wangu alikufa miaka minane baada ya sherehe hii. Mbona umeshamvisha sanda?"

Hiltsje alimwita kaka yake. Durk alionja keki iliyokuwa kando ya kioo.

"Kijana anatia bitiruti badala ya rangi yetu," alisema. "Pinki imepauka, na wewe umewapausha watu wote. Hii si keki, dada, ni saladi."

"Basi nenda kaoke, mzee wa manung'uniko."

Durk alikuwa bado na chupa ya rangi ya zamani. Tangu siku hiyo alimwokea yeye, na Hiltsje alirudia kanda zote zilizoharibika, ya Bi Boukje kwanza.

Kanda moja ilibaki: siku mama yao alipotimiza miaka sabini, 1984, miezi michache kabla hajafariki. Unyevu ulikuwa umeigeuza zambarau. Durk alipoiulizia, alijibiwa, "Wa nyumbani huhudumiwa mwisho."

Vuli ya 2023 madaktari walimkuta Hiltsje na uvimbe kichwani. Kabla ya kitu kingine, ulimnyang'anya rangi. Akaona kila kitu kijivu. Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 3 Machi 2024. Ameacha binti yake Froukje, mkwewe Wessel, mjukuu wake Jorrit, na kaka yake.

Durk alimwona mara ya mwisho Jumapili iliyotangulia. Alimletea keki, akakuta kanda ya mama iko kwenye kioo.

"Mikono yangu, macho yako," Hiltsje alisema. "Sasa?"

"Bado. Mama amekuwa zabibu."

"Sasa?"

"Mashavu yanakuja. Sukari bado."

"Usitazame mashavu. Utalia, utakosea. Tazama keki."

Durk alitazama keki, ile ya kwenye kioo, aliyoioka mwenyewe mwaka 1984, na ile iliyokuwa mkononi mwake, mpaka hakuona tofauti. Ndipo akainua macho.

"Acha hapo. Ndiye."

"Amevaa lile gauni la bluu?"

"La bluu."

"Na shingo?"

"Nyekundu kwa joto, amesimama karibu na tanuri. Anakucheka wewe."

Hiltsje aliihifadhi kanda, akazima mashine. Akachukua keki, akala sukari yote ya juu bila haraka, kisha akamsukumia kaka yake sahani yenye keki kavu. Durk akaila.

Lala salama, dada. Kazi ya wa nyumbani nayo imekwisha.