Povu Nililolifunika kwa Rangi

Ndugu zangu mafundi wa Usagara, mmeniita nieleze namna ya kumimina rezini ya faiba, ule utomvu wa kiwandani unaoganda ukawa mgumu, bila povu. Nitaeleza, ila somo hili liligharimu mkono wa mtu.

Siku za ruksa, bidhaa ziliporudi madukani, nilinunua kopo langu la kwanza na kusoma maelezo yake ya Kiingereza kwa kamusi. Yalisema nikoroge. Nikakoroga kama uji, kwa kasi, maana kwetu anayekoroga polepole huitwa mvivu.

Jirani yangu, bibi msuka mikeka, alitembelea mkongojo uliovunjika kishikio. Nikammiminia kipya. Kilipoganda nikakiinua juani: ndani kulijaa povu kama mbegu za papai. Nawaambia, niliona. Nikapaka rangi nyeusi, nikampelekea.

Wiki ya pili kikakatika. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nilipokwenda kumpa pole, akanitangulia: "Nisamehe mwanangu, nimekuvunjia kazi yako. Mwili huu, tembo ana nafuu!"

Wageni wakacheka. Nami nikacheka.

Mwezi mzima nilinyamaza. Kisha siku moja nikamkuta akisukuma sahani. "Wali nimeacha," akasema. "Nipungue, nisije nikakuvunjia na cha pili."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, mpaka rangi.

"Kumbe uliliona?"

"Niliona, bibi."

"Na mimi najinyima wali, mshenzi we!" Akaivuta sahani. "Lete kopo lako. Utamimina nikikutazama."

Basi nikajifunza mbele yake. Kalibu unamomimina iwe kavu kabisa. Kopo likae kwenye maji ya moto kiasi, rezini ilegee, tone la maji lisiingie. Ukitia dawa ya kugandisha, koroga taratibu bila kuinua kijiti. Subiri kidogo povu lipande, kisha mimina uzi mwembamba kwenye kona moja, rezini ijisambaze yenyewe.

"Polepole!" alinikemea. "Unafukuzwa?"

Cha pili nacho kilitoka na povu, tukakitupa; cha tatu kilitoka safi.

Namshukuru yeye, na binti yake aliyemlisha siku zote hizo bila kunitukana. Ndugu zangu, povu humpata fundi yeyote. Ukiliona, liseme kabla kitu hakijatoka mikononi mwako.

Mfupa uliunga vibaya. Mpaka leo nikimwamkia shikamoo, bibi hunipa mkono wa kushoto, na huniomba radhi.